Samli Isiyogawanyika

Treni ilikwisha kuacha jukwaa la Isaka na behewa letu, la mwisho kabisa, lilikuwa linapita ubavuni mwa maghala ya pamba, ndipo Sista Lugano aliporudi kutoka mlangoni na uso wa mtu aliyehesabu kuku wake akakuta wamezidi. Alipandisha mtoto mmoja, alisema. Sasa wako wawili, na mama yao, na bibi yao, na kapu la michembe ya viazi.

Dakta Kokushubila aliniuliza kama tunaweza kusimama. Nikamwambia breki zipo, lakini kichwa cha treni kilikuwa kinakula jua, na mbingu asubuhi ile ilikuwa imefunikwa gubigubi. Tukisimama kwenye mwinuko ule tungengoja mpaka mawingu yaamue. Tena mafuta ya dawa nilikuwa nimekwisha kuyayeyusha, na mafuta yale yakiyeyuka hayamngoji mtu. Yanachanganywa na kuingia mwilini siku hiyo hiyo, au yanamwagwa.

"Basi wakae," akasema. "Ila anayetibiwa ni mmoja."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa mtu kuwa mpole.

Watu wa njia ya reli walituita Behewa la Samli, kwa sababu dawa yetu ilikuwa nyeupe, nzito kidogo, na ilitokana na mafuta. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchanganya, majokofu yangu, vitanda viwili na benchi. Dakta Kokushubila alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, aliyekuwa amemaliza ujana wake kwenye swali moja tu: jeni iliyo nzima unaifikishaje ndani ya seli bila kuipoteza njiani. Lugano alikuwa nesi, Mnyakyusa, mwepesi wa mikono. Mimi Chilongani nilitunza baridi na pampu. Shule niliisoma vipande vipande, darasa huku, kozi kule, na mengine nimeyaokota njiani kama mtu anavyookota kuni, kwa hiyo nikieleza kitu kwa namna yangu nivumilie.

Mama wa wale watoto aliitwa Nyanzobe. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na hata siku ile ya safari alikuwa na nyuzi nyeupe kwenye nywele. Watoto walikuwa wasichana mapacha wa darasa la tatu, Kulwa na Doto. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa na wa pili ni Doto. Hapo mzazi hana la kuchagua. Walifanana kama vijiko. Nilichowatofautishia ni bangili ya Mgawo iliyokuwa ikiwaka kijani mkononi mwa Kulwa. Mkono wa Doto ulikuwa mtupu.

Mgawo ndio uliokuwa unaamua nani apate dawa nchi nzima. Mtambo wao ulisoma damu za watoto wote wenye selimundu, ukapiga kura, na sheria ilikuwa moja: nyumba moja, mtoto mmoja. Kwa nyumba nyingi ilikuwa haki. Kwa nyumba ya Nyanzobe kura iliingia tumbo moja ikachagua ubavu.

Lugano alimuuliza kwa nini hakumwacha Doto kwa jirani. Nyanzobe akajibu taratibu, kama anamweleza mgeni jinsi ya kuvuka mto, kwamba kwao mapacha hawapewi kimoja. Ukimnunulia huyu viatu, mnunulie na yule. Ukimchapa huyu, mguse na yule japo kwa jani. Aliyenyimwa hukasirika moyoni bila mwenyewe kujua, kisha huondoka. Alisema "huondoka" akitazama dirishani. Doto alikuwa amekaa chini, anasugua goti lake, maana siku mbaya za ugonjwa ule mifupa huuma kama inapasuliwa. Aliniuliza kama treni ina choo. Nikamwonyesha.

Bibi yao, Mbuke, yeye hakuwa na habari ya kuomba radhi kwa kuzidi. Alikaa benchini, akajitandaza, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilipomwambia Mgogo wa Mpwapwa alifurahi kweli kweli, maana Wagogo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Pale pale akanivua kofia akaivaa juu ya kilemba.

"Tangu lini Mgogo akaaminiwa mafuta?" akasema. "Kwenu hata mvua inapita mbio isije ikaombwa maji."

"Afadhali mimi, bibi. Wewe umepanda treni ya hospitali na viazi vikavu kama unakwenda kuwinda tembo."

"Viazi hivi utaviomba kabla hatujafika Shinyanga."

Na kweli niliviomba, nikapewa kimoja, tena kidogo, na kuambiwa nishukuru. Hata Dakta alicheka. Nakumbuka nilidhani siku ile itakuwa nzuri.

Nieleze kazi ilivyokuwa, maana bila hivyo hutaona ubaya ulipoingilia.

Jeni ni ujumbe mrefu, laini. Ukiutia kwenye damu ulivyo, unakatwakatwa kabla hujafumba jicho. Kwa hiyo unafungwa ndani ya tone la mafuta, dogo kiasi kwamba maelfu yake yangekaa juu ya unywele. Mafuta yenyewe ni ya aina kadhaa. Ya kwanza ni kigeugeu: kwenye maji makali kama ya ndimu huushika ujumbe, kwenye damu hutulia tuli, na seli ikilimeza tone na kuliweka kwenye kifuko chake chenye ukali, huamka tena, hupasua kifuko na kuuachia ujumbe. Ya pili na ya tatu ni ukuta na lipu. Ya nne yana manyoya, ili matone yasigandamane, na ili askari wa mwili wasiyatambue upesi. Mashine yangu iliyakutanisha maji yenye ujumbe na spiriti yenye mafuta kwenye kijia chembamba. Yakikutana kwa kasi matone yanatoka madogo na sawa. Yakikutana kivivu yanatoka manene na kukwama mapafuni. Kila treni ilipoingia kona nilikuwa nashika moyo.

Miaka mingi samli za namna hiyo ziliishia kwenye ini. Ini ni kama mzani wa barabara kuu, kila lori lenye mafuta linasimamishwa hapo na kupakuliwa. Sasa selimundu haiponi kwenye ini. Damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Alichofanya Dakta Kokushubila ni kuongeza mafuta ya tano. Yale ya tano yalibadilisha vitu vinavyojipachika kwenye tone likiwa ndani ya damu, na lori likawa limevaa namba nyingine; ini likaliachia, uboho ukalifungulia geti. Watoto wakapona. Nimewaona kwa macho yangu, mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni anarudi anaruka kamba.

Lakini ya tano yalitengenezwa mahali pamoja tu, ng'ambo, na yalikuja kwa vichupa. Ndiyo maana ya nyumba moja mtoto mmoja.

Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Mwili uliikubali samli ile mara moja tu. Siku ya kwanza askari wa mwili wamelala. Baada ya hapo wanaikariri sura ya yale manyoya, na ukirudi na dawa ile ile wanaipokea kwa rungu: koo linavimba, mtoto anaweza kukufia mikononi. Hata tone dogo linatosha kuwafundisha. Kuponya, tone dogo halitoshi. Samli ile haikujua nusu. Ukipewa nusu hupati nafuu ya nusu, ugonjwa unabaki vile vile na mlango umeshafungwa.

Dakta alimweleza Nyanzobe kwamba dawa hii ni mara moja katika maisha. Hilo alilisema vizuri, na Nyanzobe akalirudia kwa sauti ili lishike. La nusu hakulisema. Wala asingelisema mtu, maana nani angewaza nusu?

Kisha Nyanzobe akauliza swali lake. "Na Doto, lini?"

Dakta akawa anafuta miwani. Alisema hilo hawezi kulisemea. Nyanzobe akangoja kidogo kama kuna neno linafuata, halikufuata, akaitika kwa kichwa.

Kulwa alipolazwa na kudungwa sindano ya mrija mkononi, Bibi Mbuke alisimama. Alitaka Doto naye alazwe, adungwe, atundikiwe mfuko. Hakudai samli. Alidai alama tu, watoto waonekane sawa, mila isikatike. Lugano alisema hatuna muda wa mchezo. Dakta ndiye aliyekubali. Alisema maji ya chumvi hayatamdhuru Doto, tena yatamsaidia maumivu, na bibi atatulia. Mfuko wa samli huvikwa kitambaa cha rangi ya fedha kwa sababu mwanga unaiharibu. Bibi akasema na wa Doto uvikwe. Dakta akatabasamu, akautafutia kitambaa.

Basi walilala pale mapacha wawili, vitanda viwili, mikono miwili, mifuko miwili inayong'aa. Walikuwa wanapendeza kuwatazama.

Njiani Kulwa alibanwa na haja ndogo. Lugano akabana mrija, akazungusha kiungio, akamtoa Kulwa bila kumchomoa sindano, akamrudisha, akazungusha tena. Nyanzobe alikuwa ameshika taa ya mkononi akimmulikia. Mtu anayeunga mikanda ya mashine ya pamba kila siku, akiona mara moja inamtosha.

Shinyanga tulisimama kupisha treni ya mizigo. Nilishuka kukagua feni za majokofu kwa nje. Dakta alikwenda behewa la mbele kuzungumza na Mgawo kwa redio juu ya yule mtoto wa ziada, asije akaletewa kesi. Lugano alikwenda dirishani kununua karanga, akamwacha mama na wanawe. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja alifanya kinachofanywa kila safari.

Tulipoondoka tena nilikuwa nimekaa karibu na mashine yangu, bibi anasimulia jinsi Mgogo mmoja alivyokwenda msibani kwao akala mpaka akaulizwa kama yeye ndiye marehemu. Reli ilikuwa imenyooka, tambarare tupu, mahindi yaliyokauka pande zote. Lugano akainua kitambaa cha Kulwa kutazama imebaki kiasi gani. Akakiacha. Akakiinua tena. Kisha akaenda kitanda cha Doto akainua kile.

Kwa Kulwa kulikuwa na maji ya chumvi, maangavu ya kupenya macho. Kwa Doto kulikuwa na samli.

Lugano hakupiga kelele. Alibana mrija wa Doto, akaenda mlangoni akamwita Dakta kwa jina lake tupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Bibi Mbuke aliacha hadithi katikati.

Dakta alitazama mifuko, akauliza nani amebadilisha.

"Mimi," Nyanzobe akasema, kama mtu aliyeulizwa nani amepika. "Kulwa amekwisha kunywa nusu yake. Iliyobaki ni ya Doto. Hata tumboni mwangu walikuwa wanagawana."

Dakta alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaanza kumweleza, polepole, yale niliyokueleza mimi kuhusu nusu. Alirudia mara mbili. Niliona uso wa Nyanzobe ukibadilika kidogo kidogo.

"Hukuniambia," akasema.

"Sikujua kama kuna mtu angeigawa."

"Nani asiyegawa, mwanangu?" Bibi Mbuke akadakia. "Kwenu Bukoba mnakula mmejifungia?" Lilikuwa neno la kutania, lakini halikuwa na utani ndani yake, na hakuna aliyecheka.

Nyanzobe alikuwa amekwisha kusogea kitanda cha Doto. Alifanya hesabu yake upesi, nami naheshimu watu wa namna hiyo, wasiopoteza muda kujitetea. Alisema basi, amekosea. Amrudishie Kulwa iliyobaki, ipone angalau kazi ya leo, na Doto asubiri. Kama kuna siku nyingine, Doto atangoja. Kama haipo, ni bahati yake. Hata mkono wake ulikuwa umekwisha kushika kiungio.

Lugano ndiye aliyemjibu, akitazama sakafu. "Mama Kulwa, Doto ameshaguswa. Imeshaingia kama kikombe cha kahawa. Ile ndiyo mara yake moja."

Hapo ndipo Nyanzobe alipoelewa. Aliuliza jambo ambalo yeyote angeuliza, kama siku nyingine hiyo ingekuwapo kweli, au alikuwa anajisumbua bure tangu mwanzo.

Dakta angeweza kusema sijui. Hakuna ambaye angemshika. Nilimwona akilitafuta hilo neno, akaliacha.

"Masika yajayo," akasema. "Mafuta ya tano yanaanza kutengenezwa hapa hapa nchini. Sheria ya nyumba moja inaondolewa. Doto angepata mfuko wake, mzima."

"Ulijua asubuhi?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama. Tumekatazwa kuahidi."

Hilo lilikuwa kweli. Kabla ya mimi kuajiriwa, Mgawo waliahidi dawa mahali fulani, haikufika kwa wakati, na watu wakalichoma moto behewa. Tangu siku hiyo ikatoka amri: usitaje siku, usitaje msimu, usiseme hata "huenda". Wakubwa waliona mtu asiyeahidiwa kitu hawezi kukasirika. Hawakuona kwamba mtu asiyeahidiwa kitu atakula mbegu. Ukimwambia mzazi hii ni mara moja tu, halafu ukimnyima kesho, atagawa alichonacho leo. Atafanya kwa akili timamu.

Nyanzobe hakulia. Alimtazama Dakta muda mrefu, na Dakta akavumilia kutazamwa.

Samli ilikuwa inazeeka. Toka ichanganywe Isaka matone yalikuwa yanatafutana, na tukipita Bukwimba yangeanza kuganda kama uji uliolala, ya kumwagwa. Niliwaambia. Ndiyo kazi yangu. Kilichobaki mfukoni kingetosha kumkamilishia Kulwa, kwa sababu askari wake walikuwa bado hawajaamka. Kwa Doto kisingetosha hata kikiingia chote. Kichupa kingine hatukuwa nacho. Njia zilikuwa mbili. Mfuko urudi kwa Kulwa, apone mmoja na mwingine abaki na ugonjwa wake bila tumaini. Au mfuko ubaki ulipo, wabaki wote wawili na ugonjwa, sawa kwa sawa kama mila inavyotaka. Sheria ilitaka mzazi atamke.

Dakta akamuuliza. Alimuuliza kwa adabu, akamwita mama, ingawa yeye Dakta alikuwa amemzidi umri.

"Sisemi," Nyanzobe akasema. "Nikisema mpe Kulwa, nimemzika Doto kwa mdomo wangu, na yeye anasikia. Nikisema acha, nimewazika wote. Wewe ndiye uliyekuwa unajua. Sema wewe."

Nilijaribu kuingia. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka. Msibani yeye ndiye anayeambia watu wale, waoge, waache kulia. Nikamgeukia Bibi Mbuke nikamwambia mtani wangu, mmoja akipona ni mmoja, mwambie mkweo akubali. Bibi akaivua kofia yangu, akanipa.

"Chukua," akasema. "Huu si wakati wake."

Malampaka tulikuwa tumekwisha kupita, na Bukwimba haikuwa mbali. Dakta alisimama katikati ya vitanda viwili, mikono imemning'inia. Najua alichokuwa anapima, maana aliniambia baadaye kwa ufupi. Kwa sheria, mzazi asipotamka, mgonjwa haguswi. Angeacha tu, na hakuna tume duniani ambayo ingemlaumu: mama alivuruga dawa, mama akakataa kusema, dawa ikaharibika. Hata Nyanzobe angeweza kuishi na hilo, kwa sababu angekuwa amewatendea wanawe sawa. Kungekuwa na amani ya namna fulani ndani ya nyumba ile, na makaburi mawili. Akigusa, atakuwa amemchagua mtoto mbele ya pacha wake, bila ruhusa, baada ya kunyamaza asubuhi alipotakiwa kusema. Aliniambia, "Chilongani, nilikuwa sina tena haki ya kuwa mwema. Nilikuwa na mfuko tu."

Akaenda kwa Doto. Akazungusha kiungio.

Doto alikuwa ametulia, maumivu yamepungua kwa sababu ya yale maji ya chumvi ya asubuhi. Aliuangalia mfuko ukitunguliwa.

"Dakta, acha kidogo," akasema. "Ndiyo kwanza naanza kupona."

Dakta akamwunganishia Kulwa. Kulwa alikuwa mtoto wa darasa la tatu, si mtoto wa matiti. Alikuwa amesikia yote na ameelewa. Akainua mkono wa pili ili auchomoe mrija.

Nyanzobe akaudaka ule mkono. Hakusema neno, kama alivyoapa. Aliukandamiza godoroni kwa nguvu zake zote, na goti akaliweka juu ya kitanda, akakaa hivyo, macho yake kwenye ule mfuko. Kulwa alipiga mateke, kisha akachoka. Kitanda cha pili kilikuwa umbali wa kunyoosha mkono. Doto alikuwa anatazama mama yake alivyomshika Kulwa. Alitazama mpaka mfuko ukaisha.

Tulipita Bukwimba. Nilizima mashine, nikaanza kuosha vijia kwa spiriti, maana visipooshwa vinaziba.

Hawa ndio watu wa habari hii na yaliyowapata.

Kulwa alipona. Damu yake ilipimwa kila mwaka mpaka wakaona hakuna haja. Alimaliza shule Mwanza, akaolewa Magu, anauza vifaa vya umeme wa jua. Ana mtoto mmoja wa kiume. Hajarudi kwao tangu alipoolewa.

Masika yaliyofuata sheria ya nyumba moja iliondolewa. Nyanzobe alimpeleka Doto kwenye behewa, akapanga foleni na wengine. Alipimwa kwa tone dogo kwenye ngozi, mkono ukavimba mpaka kiwiko. Akaambiwa arudi nyumbani. Watoto wengine wa foleni ile walitibiwa. Doto alifariki akiwa kidato cha pili, wiki ya mitihani. Katika ukoo wao pacha haliliwi, kwa hiyo hakuliliwa.

Bibi Mbuke alikufa kabla yake, kwa uzee. Nilikwenda msibani kama mtani, nikapewa kuku na nikaambiwa nisiseme kitu.

Nyanzobe aliacha kiwanda cha pamba akahamia Geita kwa dada yake. Analima mpunga. Hakumshtaki mtu.

Dakta Kokushubila alijiandikia mashtaka mwenyewe akayapeleka Mgawo. Walimwita, wakamsikiliza, wakamwona hana kosa la kumtibu Kulwa, wakampa onyo kwa kutaja masika mbele ya mzazi. Alifanya kazi miaka sita kutafuta manyoya mengine ambayo askari wa mwili hawajayakariri. Yalifanya kazi kwa panya, kwa nyani hayakufanya. Alistaafu Kamachumu. Macho yake yameharibika.

Lugano yuko Tukuyu, anazalisha.

Amri ya kutoahidi ipo mpaka leo. Imeongezwa kifungu: wazazi wa mapacha wasibaki peke yao na wagonjwa.

Mimi niliacha kazi ile mwaka ule ule. Nimekaa Mpanda, nikakaa Uvinza, sasa niko Kasulu, natengeneza majokofu ya maziwa. Behewa limewekwa kwenye njia ya pembeni Tabora, magurudumu yametolewa, na mlinzi wa yadi analala humo na familia yake.